Ishara ya kununua, ishara ya kuuza: kwa nini kuzinoa kuna gharama yake

Jumatatu ya Machi 30, 2020, wakati virusi vya corona vikiwa vimefunga miji na viwanda katika sehemu kubwa ya dunia, mistari miwili ilikutana kwenye chati za soko la hisa la New York. Mmoja ulikuwa wastani wa bei za siku 50 za faharisi ya S&P 500, yaani kipimo kinachojumlisha hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani. Wa pili ulikuwa wastani wa siku 200. Siku hiyo mstari wa siku 50 ulishuka chini ya ule wa siku 200. Wafuasi wa chati wamelipa tukio hilo jina la kutisha, "mkato wa kifo", na kanuni yao ya miaka mingi husema neno moja tu: uza.

Faharisi ilifunga siku hiyo ikiwa 2,626. Aliyeuza hakujua kwamba soko lilikuwa limekwisha kufika chini kabisa wiki moja kabla, tarehe 23 Machi, na sasa lilikuwa likipanda. Kanuni ile ile ilimruhusu kurudi sokoni tarehe 9 Julai, mstari wa siku 50 ulipovuka tena kwenda juu ya ule wa siku 200. Siku hiyo faharisi ilifunga ikiwa 3,152. Alitoka na fedha zake mkononi, akarudi miezi mitatu baadaye na kukuta mali aliyoiuza imepanda bei kwa asilimia 20.

Ni rahisi kumcheka. Lakini turudi nyuma kidogo. Mnamo Desemba 2007 kanuni hiyo hiyo, kwa mistari hiyo hiyo miwili, ilisema uza, faharisi ikiwa karibu 1,480. Haikusema nunua hadi Juni 2009, faharisi ikiwa karibu 900. Katikati ya tarehe hizo benki ya Lehman Brothers ilifilisika, masoko ya dunia yakatetemeka, na faharisi ikaporomoka hadi 676 mwezi Machi 2009. Aliyeitii kanuni aliepuka hasara ya karibu asilimia 40, na aliyeipuuza alikaa miaka kadhaa akisubiri kurejeshewa alichokuwa nacho.

Kanuni moja, matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kila mtu anayeanza biashara ya hisa kwa kufuata chati hufika mahali hapa mapema au baadaye, na wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ishara zake zinahitaji kunolewa kidogo tu: ziwe za haraka zaidi, au za uhakika zaidi, au zote mbili. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanywa, na kwa nini kila mara kuna kitu kinacholipwa ili kupata kingine.

Jambo hili si la wataalamu wa New York peke yao. Siku hizi kijana wa Kiswahili anayeishi ughaibuni, mwenye akiba kidogo na simu ya mkononi, anaweza kununua hisa za Marekani akiwa ndani ya basi kutoka kazini. Katika simu hiyo hiyo yamo makundi ya watu wanaouza "ishara" kwa ada ya mwezi, wakionyesha picha za chati ambazo mshale wa kununua uko chini kabisa na wa kuuza uko juu kabisa. Mamlaka ya Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji, ESMA, ilipoweka vizuizi mwaka 2018 juu ya mikataba ya kubashiri kupanda na kushuka kwa bei bila kuimiliki hisa yenyewe, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza fedha. Anayetaka kujua kama ishara anayouziwa ina thamani yoyote hana budi kwanza kujua ishara hutengenezwaje.

Ishara hutoka wapi

Wastani unaosogea ni hesabu ya darasani. Huchukuliwa bei za kufunga za siku 50 za mwisho, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa 50. Kesho bei ya siku ya zamani kuliko zote huondolewa, ya leo huingizwa, na hesabu hufanywa upya. Mstari unaopatikana ni laini kuliko bei zenyewe, kwa sababu kelele za siku moja moja humezwa na wingi wa siku. Hiyo ndiyo faida yake. Hasara yake ni kwamba mstari huo huchelewa daima, kwa kuwa kila namba iliyomo ndani yake ni ya jana na juzi. Wastani wa siku 200 hubeba kumbukumbu ya miezi tisa au zaidi ya biashara, na kitu chenye kumbukumbu ndefu namna hiyo hakigeuki upesi.

Njia nyingine ya zamani haihitaji wastani. Mmarekani Richard Donchian, mmoja wa watangulizi wa biashara ya kufuata mwelekeo wa bei, aliipa umaarufu kanuni ya wiki nne: nunua bei inapovuka kilele chake cha wiki nne zilizopita, uza inapopita chini ya shimo lake la wiki nne. Hapa pia kuna kuchelewa, kwani hakuna anayenunua mpaka bei iwe imekwisha kupanda.

Ishara za aina zote mbili hufanya vizuri soko linapokuwa na safari ndefu ya kwenda juu au chini. Adui yao ni soko linalotangatanga. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 faharisi ya S&P 500 ilipanda na kushuka bila kufika popote, na kanuni ya siku 50 na 200 ikatoa ishara nne ndani ya miezi minane hivi: uza mwezi Agosti, nunua mwezi Desemba, uza mwezi Januari, nunua mwezi Aprili. Mara zote mbili mtii wa kanuni aliuza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu, akamlipa dalali njia nzima.

Kuchuja

Kunoa ishara huanzia hapo, kwenye ishara za uongo. Chujio la kwanza ambalo karibu kila mtu hulijaribu ni mpaka wa pembeni. Badala ya kununua mara tu bei inapouvuka mstari wa wastani, mtu husubiri iuvuke kwa asilimia moja. Bei zinazogusa mstari na kurudi hazimsumbui tena. Chujio la pili ni muda: bei ikae upande wa pili wa mstari kwa siku mbili au tatu mfululizo, au isubiriwe bei ya kufunga ya Ijumaa, na yanayotokea katikati ya juma yasihesabiwe. Chujio la tatu ni wingi wa hisa zilizobadilisha mikono. Bei ikipanda siku ambayo watu wengi wamenunua, hupewa uzito kuliko ikipanda siku ambayo soko lilikuwa limelala.

Yote haya yana mantiki, na yote humchelewesha mtu zaidi. Ndiyo bei yake. Chujio haliwezi kujua kwamba ishara ya leo ni ya kweli, kwa hiyo huzichelewesha za kweli pamoja na za uongo, na zile za kweli ndizo ambazo kuchelewa kwake kuna gharama kubwa.

Mwaka 2020 ulionyesha pia kwamba mpaka wa asilimia moja si mpana kila siku. Tuseme mtu aliacha mikato ya wastani, akaamua kufuata kanuni ya haraka zaidi: kuuza bei ya faharisi inapofunga chini ya wastani wa siku 200, kununua inapofunga juu yake. Angeuza mwishoni mwa Februari, mwezi mzima kabla ya mkato wa kifo, na kwa bei nzuri zaidi. Lakini katika siku chache za mwanzo wa Machi faharisi iliuvuka mstari huo kwenda juu, ikarudi chini, ikapanda tena, ikashuka tena, huku soko likiruka au kuporomoka kwa asilimia tatu au nne kwa siku moja. Mbele ya mawimbi ya namna hiyo asilimia moja ni ukuta wa makuti.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1978 na J. Welles Wilder, fundi mitambo aliyegeuka mfanyabiashara. Wilder alipendekeza kipimo cha mwendo wa kawaida wa bei katika siku moja: tofauti kati ya kilele na shimo la siku, pamoja na pengo lolote lililoachwa tangu bei ya kufunga ya jana, ikifanyiwa wastani wa siku 14. Hisa ikiwa inatembea shilingi mbili kwa siku kwa kawaida, basi kushuka kwa shilingi moja si habari. Hisa nyingine ikiwa hutembea senti ishirini kwa siku, kushuka kwa shilingi moja ni tukio. Mpaka wa pembeni ukipimwa kwa kipimo hiki, hupanuka wenyewe soko linapochafuka na kusinyaa linapotulia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hili ndilo noleo pekee ambalo mtu anaweza kulitumia karibu kila mahali bila kujidanganya sana, kwa sababu haliiambii bei iende wapi. Linauliza tu jana na juzi ilikuwa ikitembea kiasi gani.

Mlango wa kutokea si ule wa kuingilia

Kosa la kawaida ni kuifanya ishara ya kuuza iwe kivuli cha ile ya kununua. Mjini Chicago, mwaka 1983, mfanyabiashara tajiri Richard Dennis alibishana na mshirika wake William Eckhardt kama biashara hii inaweza kufundishwa. Dennis aliamini inafundishika. Wakatangaza magazetini, wakachagua kundi dogo la watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu, wakawapa mafunzo ya wiki mbili na kisha fedha halisi za kufanyia kazi. Kundi hilo, lililokuja kujulikana kwa jina la Kasa, lilifanya biashara ya mikataba ya bidhaa na fedha za kigeni zaidi ya hisa, lakini kanuni zao zilipokuja kutangazwa zilionyesha jambo linalohusu masoko yote. Katika mfumo wao wa kwanza walinunua bei ilipovuka kilele cha siku 20, ila walitoka bei iliposhuka chini ya shimo la siku 10. Kuingia kulihitaji ushahidi mwingi, kutoka kulihitaji nusu yake.

Juu ya hayo kila biashara ilikuwa na kikomo cha hasara kilichowekwa kabla ya kuingia, nacho kilipimwa kwa mwendo wa kawaida wa bei. Hesabu yake ni fupi. Mtu ana mtaji wa shilingi milioni moja na ameamua kwamba biashara moja isimpotezee zaidi ya asilimia moja, yaani shilingi 10,000. Hisa inauzwa shilingi 100 na mwendo wake wa kawaida kwa siku ni shilingi mbili. Anaweka kikomo mara mbili ya mwendo huo, shilingi nne chini ya bei aliyonunulia, yaani 96. Gawanya 10,000 kwa nne: atanunua hisa 2,500, za shilingi 250,000. Kama hisa nyingine ya shilingi 100 hutembea shilingi tano kwa siku, kikomo kitakuwa shilingi kumi chini, na atanunua hisa 1,000 tu. Ishara ni ile ile, ila hisa yenye vurugu zaidi inapewa fedha chache zaidi.

Wengi hutumia miezi wakitafuta ishara bora ya kununua na dakika tano wakiamua wanunue hisa ngapi. Ingefaa iwe kinyume chake.

Tamaa ya kupatia mara nyingi

Watu huipima ishara kwa kuhesabu mara ngapi imepatia. Kipimo hicho kinavutia, na kimewafilisi wengi. Chukua mfumo uliofanya biashara kumi. Nne zilileta faida ya shilingi 900 kila moja, jumla 3,600. Sita zilileta hasara ya shilingi 400 kila moja, jumla 2,400. Zinabaki 1,200. Kamisheni na gharama nyingine ni shilingi 50 wakati wa kununua na 50 wakati wa kuuza, kwa hiyo biashara kumi zimegharimu 1,000. Faida halisi ni shilingi 200. Si nyingi, lakini ipo.

Mwenye mfumo haridhiki. Kupatia mara nne kati ya kumi kunamuumiza moyo. Ananoa ishara yake ya kuuza: sasa anachukua faida mapema, bei ikipanda kidogo tu anauza. Matokeo yanapendeza kuyatazama, kwani biashara sita kati ya kumi sasa zina faida. Lakini kila moja inaleta shilingi 300 tu, jumla 1,800. Nne zilizobaki bado zinapoteza 400 kila moja, jumla 1,600. Zinabaki 200, na gharama ni zile zile 1,000. Amepata hasara ya shilingi 800, na bado anaweza kumwambia jirani yake kwa haki kabisa kwamba mfumo wake unapatia asilimia 60.

Ndiyo maana tangazo linalojivunia asilimia ya kupatia, bila kutaja ukubwa wa wastani wa faida, ukubwa wa wastani wa hasara na gharama, halijasema kitu.

Kompyuta inapokubali kila ulisemalo

Hatari kubwa kuliko zote katika kunoa ishara haiko sokoni, iko mezani. Tuseme mtu hataki siku 50 na 200, kwa kuwa ni namba za mazoea tu. Anaiamuru kompyuta ijaribu kila wastani mfupi kuanzia siku 5 hadi 60, pamoja na kila wastani mrefu kuanzia siku 100 hadi 250. Hiyo ni michanganyiko 8,456. Kompyuta humaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa na kumletea mshindi, kwa mfano siku 37 na 143, aliyepata faida maradufu ya mwenzake wa kawaida.

Je, ameligundua jambo la kweli? Waite watu 1,000 uwanjani, kila mmoja arushe sarafu mara kumi. Kwa hesabu ya kawaida, mmoja hivi atapata kichwa mara zote kumi. Hakuna atakayemkodi mtu huyo kuwa bingwa wa sarafu. Lakini akifichwa uwanja mzima na kuonyeshwa huyo mmoja tu, mtu mwenye akili timamu anaweza kushawishika.

Suala hili lilichunguzwa kwa makini. Mwaka 1992 wachumi William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha utafiti uliopima kanuni 26 rahisi, zikiwemo za wastani unaosogea, zenye mpaka wa asilimia moja na zisizo nao, juu ya faharisi ya Dow Jones tangu 1897 hadi 1986. Waligundua kwamba siku zilizofuata ishara ya kununua zilikuwa na faida kubwa kwa wastani kuliko zilizofuata ishara ya kuuza. Kwa wafuasi wa chati hiyo ilikuwa furaha, kwani vyuo vikuu vilikuwa vimewadharau kwa miongo mingi.

Mwaka 1999 wachumi wengine watatu, Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White, walirudi kwenye takwimu hizo na swali gumu zaidi: ikiwa watu wamejaribu maelfu ya kanuni kwa miaka mia moja, je, bora kati yake si yule mrusha sarafu wa uwanjani? Wakapima kanuni karibu 8,000 kwa njia inayohesabu wingi wa majaribio. Kwa miaka ile ya hadi 1986 kanuni bora ilisimama hata baada ya kukaguliwa hivyo. Lakini walipoipeleka kwenye miaka kumi iliyofuata, kuanzia 1987 hadi 1996, ambayo haikuwamo katika uteuzi wake, uwezo wake haukuthibitika tena.

Mafunzo ya kazi yanayotokana na hayo ni machache. Takwimu hugawanywa: sehemu moja ya kujengea kanuni, nyingine inafungiwa kabatini. Kanuni ikikamilika ndipo kabati hufunguliwa, na hufunguliwa mara moja. Anayeshindwa, akarudi kurekebisha, akafungua tena, sasa anapima kwa mtihani ambao amekwisha kuyaona majibu yake. Tena majirani wa mshindi huangaliwa. Kama siku 37 na 143 zina faida nono, lakini siku 36 na 142 zina hasara, hapo hakuna kanuni, pana bahati. Kanuni yenye mizizi hupungua nguvu polepole unapoisogeza huku na huku.

Kuna makosa mengine mawili ambayo hata wazoefu huyafanya. La kwanza ni kuitumia bei ya kufunga ya leo kutengeneza ishara, kisha kwenye daftari la majaribio kuandika kwamba hisa ilinunuliwa kwa bei hiyo hiyo. Bei ya kufunga hujulikana soko likishafungwa. Katika maisha ya kweli mtu hununua kesho asubuhi, kwa bei ya kesho. La pili ni kuchukua orodha ya kampuni zilizomo sokoni leo na kuzipima kwa miaka 25 iliyopita. Orodha hiyo haina Enron iliyofilisika mwaka 2001, wala Lehman Brothers ya mwaka 2008. Kanuni inayosema "nunua hisa iliyoshuka sana" itaonekana na baraka tele katika orodha ya walionusurika.

Nairobi na Dar es Salaam si New York

Baadhi ya wasikilizaji wetu hutuma fedha nyumbani na kununua hisa katika masoko ya Afrika Mashariki, na huuliza kama chati hizi zinafaa huko. Hesabu zinafanyika, lakini msingi wake ni mwembamba. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na bado lina kampuni chache. Nairobi ni kongwe na kubwa zaidi, ila hata huko sehemu kubwa ya biashara huelemea hisa chache, Safaricom ikiwa mbele, na zipo hisa ambazo siku nzima hupita bila kupata mnunuzi wala muuzaji wa maana. Bei inayoonyeshwa siku hiyo ni ya siku iliyopita. Ukiingiza bei kama hizo katika wastani, mstari utakuwa laini kwa sababu hakuna biashara, wala si kwa sababu soko limetulia. Na ishara ya kuuza ikija, lazima apatikane wa kumuuzia. Katika soko la namna hiyo kikomo cha hasara kilichowekwa 96 kinaweza kutekelezwa 90.

Gharama nazo huongea zaidi. Kanuni inayoingia na kutoka mara kumi kwa mwaka inaweza kuvumilika pale ambapo kamisheni ni ndogo sana. Pale ambapo kila kuingia na kutoka kunakula asilimia kadhaa ya fedha, kanuni hiyo hiyo inamfanyia kazi dalali.

Baada ya hasara sita

Mfumo ukishanolewa, ukapimwa kwa takwimu za kabatini, ukatolewa gharama, bado kuna mtu wa kuufuata. Kanuni inayopatia mara nne kati ya kumi ina uwezekano mkubwa, ndani ya biashara mia moja, wa kukosea mara sita mfululizo walau mara moja. Hilo halina maana kwamba imeharibika. Lakini aliyeko ndani ya hasara hizo sita hana njia ya haraka ya kutofautisha bahati mbaya ya kawaida na kanuni iliyokufa, na mara nyingi huamua kunoa tena papo hapo, akiongeza sharti jipya ambalo lingemwepusha na hasara hizo hizo sita. Akifanya hivyo mara tano, anakuwa na kanuni yenye masharti manane inayoieleza historia yake mwenyewe kwa ufasaha na haina habari na kesho. Afadhali aandike mapema, akiwa bado ametulia, ni hasara ya kiasi gani itakayomfanya asimame, kisha aiache kanuni kama ilivyo mpaka kiasi hicho kifikiwe.

Ile mistari miwili ya New York ilikutana tena tarehe 14 Machi 2022, wiki chache baada ya vita vya Ukraine kuanza. Kanuni ilisema uza, faharisi ikifunga 4,173. Mwezi Oktoba ilikuwa imeshuka hadi 3,577, na watii wa kanuni walikuwa nje, wakitazama. Ishara ya kununua ilikuja tarehe 2 Februari 2023, faharisi ikifunga 4,179. Aliyeuza na kurudi alikuta bei ile ile aliyoiacha, pungufu ya gawio la miezi kumi na moja na kamisheni ya dalali.